Byenda vya Bwaise: nyama rahisi kununua, ghali kupika

KAMPALA — Anayeingia Kampala kwa barabara ya Bombo, akitokea Elegu, Gulu na Karuma, hupita Kawempe kisha huteremka Bwaise kabla hajaliona jiji lenyewe. Malori na mabasi ya usiku hufika hapa kabla jua halijachomoza. Saa hizo maduka ya fanicha na ya vyuma yamefungwa bado, lakini sigiri za kando ya barabara zina moto tangu usiku, na juu yake pameketi sufuria zilizofunikwa kwa majani ya migomba. Ndani yake kuna katogo: matooke yaliyomenywa na kupikwa pamoja na byenda.

Kwa Kiganda ebyenda ni matumbo, ila mitaani neno limepanuka likabeba karibu kila kitu kilichomo ndani ya ng'ombe. Mteja akiagiza katogo ya byenda anaweza kuletewa vipande vya tumbo kubwa lenye manyoya kama taulo, utumbo mwembamba uliosokotwa, pafu, kipande cha moyo, na akibahatika, ini. Anayetaka ini peke yake hulitaja mapema na hulipa zaidi. Kuna pia mulokoni, kwato na miguu ya ng'ombe iliyochemshwa hadi mishipa ikawa laini kama jeli. Jina hilo limetoka kwa Wateso, na limeenea Uganda nzima bila kutafsiriwa.

Mfanyabiashara anayezunguka kanda hii anavijua vyakula hivi kwa majina mengine. Nairobi ni matumbo, na jioni ni mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu ukachomwa juu ya makaa. Dar es Salaam ni supu ya utumbo au ya makongoro asubuhi, pamoja na chapati na ndimu. Bukoba ndizi na utumbo hupikwa sufuria moja, kwa namna ambayo Mganda hawezi kujiona mgeni mezani. Kigali kuna zingalo, utumbo wa mbuzi uliozungushwa kwenye kijiti ukabanikwa. Juba kuna kamunia, mchuzi wa viungo vya ndani uliopewa jina la bizari inayoukoleza. Miji ya kanda hii haijakubaliana mambo mengi, lakini kuhusu tumbo la ng'ombe haina ugomvi.

Wengi hudhani chakula hiki ni alama ya umaskini wa Afrika, jambo ambalo waliotembea mbali hulikana. Ufaransa, nchi ambayo upishi wake huigwa na hoteli kubwa za dunia, imejenga sehemu nzima ya mapishi yake juu ya viungo vya ndani. Wachinjaji wa huko hupasua mnyama mapande manne, na kinachobaki, yaani kichwa, miguu, matumbo, ini, figo, moyo na ulimi, hukiita robo ya tano. Ina duka lake, triperie, na muuzaji wake, tripier, ambaye kwa desturi si mtu mmoja na mwenye bucha. Anayenunua Kampala atalielewa hilo haraka, maana hapa pia muuza byenda ana meza yake, ndoo zake na wateja wake, na hagusi paja.

Wafaransa wameyapa matumbo manne ya ng'ombe majina manne, na kila moja lina kazi yake jikoni. La kwanza, lile la taulo, ni panse. La pili, lenye vitundu kama sega la nyuki, ni bonnet, yaani kofia. La tatu, lenye kurasa kama kitabu, ni feuillet. La nne, linalotoa kimeng'enya cha kugandisha maziwa kuwa jibini, ni caillette. Katika mji wa Caen, jimbo la Normandie, yote manne hukatwa vipande na kuwekwa chunguni pamoja na mguu wa ng'ombe, vitunguu, karoti, liki na majani ya kunukia, kisha humwagiwa pombe ya matufaha ya jimbo hilo. Kifuniko huzibwa kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoke, na chungu hukaa kwenye moto mdogo saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Mguu umewekwa kwa sababu ile ile inayompa mulokoni sifa yake Bwaise: mifupa na kano zake huufanya mchuzi uwe mzito unaonata midomoni.

Jambo la kufikiria hapa ni moto. Tumbo la ng'ombe ni nyama ya bei nafuu inayodai kuni nyingi. Nyama ya kiunoni huiva kwa dakika chache. Tumbo la taulo lililotoka kwa ng'ombe mzee wa Nakasongola hutaka saa tatu, nne, hata zaidi. Mama wa nyumbani wa Normandie alilitatua tatizo hilo kwa kumpelekea mwoka mikate chungu chake: mikate ikishatoka, tanuri hubaki na joto, na joto hilo lililolipiwa tayari ndilo liliivisha matumbo hadi asubuhi. Huo ni uchumi wa mtu anayehesabu senti.

Mpishi wa Bwaise hana tanuri la jirani. Ana makaa, na makaa yamekuwa hadithi nyingine. Sehemu kubwa ya makaa ya Kampala ilikuwa ikishuka kutoka kaskazini kwa barabara hii hii ya Bombo, gunia juu ya gunia. Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa Amri ya Utendaji namba 3, iliyopiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara katika mikoa ya kaskazini baada ya malalamiko marefu kuhusu ukataji wa miti. Sababu ilikuwa nzuri, na misitu ya Acholi ilikuwa ikiteketea kweli. Lakini mtu ambaye biashara yake yote ni kuchemsha kitu kigumu kwa saa nne huusoma uamuzi kama huo kwa jicho jingine kabisa. Mwenzake wa chipsi hupandisha mafuta moto kwa muda mfupi akauza. Yeye huanza kutumia makaa usiku wa manane kwa ajili ya sahani itakayoliwa saa kumi na mbili.

Ndiyo maana wapishi wana mbinu zao. Byenda huchemshwa kwanza peke yake, na maji ya kwanza humwagwa. Sigiri huzibwa mlango ili makaa yaungue taratibu. Matooke huongezwa mwishoni, maana ndizi haihitaji muda huo, kisha nyanya, kitunguu, chumvi na binzari. Majani ya migomba yanayofunika sufuria si pambo. Yanabana mvuke ndani kama ule unga wa Normandie, tena yanatoa harufu ambayo hakuna unga unaoweza kuitoa.

Kabla ya moto kuna maji, na hapo ndipo Bwaise inapopata taabu yake kubwa. Tumbo la kwanza la ng'ombe likifunguliwa limejaa majani aliyokula. Husuuzwa, humwagiwa maji ya moto lakini si ya kuchemka kabisa (yakichemka, utando hushikamana na haukwanguki tena), hukwanguliwa kwa kisu, husuuzwa tena. Utumbo hugeuzwa nje ndani. Wengine husugua kwa chumvi, wengine kwa ndimu. Hesabu ya ndoo za maji ni kubwa, na mtaani maji ya bomba hununuliwa kwa dumu.

Bwaise imejengwa bondeni, juu ya ardhi iliyokuwa kinamasi. Mfereji wa Nsooba na ule wa Lubigi hukusanya maji ya vilima vya Kampala na kuyaleta huku. Mfereji wa Lubigi umepanuliwa, lakini mvua kubwa ikinyesha, maji huingia majumbani bado. Maji ya ardhini yapo karibu sana na uso wa nchi, ndiyo maana vyoo vingi vya eneo hili hujengwa juu ya tuta, na mtu hupanda ngazi kwenda chooni. Mafuriko yakija, yaliyomo humo huelea na kuchanganyika na maji ya njiani. Kipindupindu kiliwahi kupiga hapa vibaya, hasa katika mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Kuosha matumbo ya ng'ombe katika mazingira hayo, na kuyaosha vizuri, ni kazi ya ufundi na ya dhamiri kwa pamoja. Wanaoifanya kwa wingi ni wanawake.

Upande wa mashariki, Kalerwe, hatua chache tu, kuna machinjio ya Nsooba na soko linalosifika kwa bei nafuu za vyakula. Ukaribu huo ndio uliojenga biashara ya byenda Bwaise. Nyama ya paja inaweza kusubiri, lakini matumbo hayasubiri. Katika joto la Kampala huanza kuharibika saa chache baada ya ng'ombe kuchinjwa, na nyongo ikipasuka juu ya ini, ini hilo limekwisha. Kwa hiyo anayeishi karibu na machinjio, mwenye baiskeli au nauli ya bodaboda, ana faida ambayo tajiri wa Kololo mwenye friji tatu hana.

Paris walilijua hilo pia. Soko kuu la Les Halles lilipokuwa katikati ya jiji, wapagazi na wauza nyama waliokesha kazini walimaliza usiku kwenye migahawa iliyolizunguka, wakila supu ya vitunguu, miguu ya nguruwe na matumbo ya mtindo wa Caen. Mwaka 1969 soko likahamishiwa Rungis, nje ya jiji, ambako hadi leo kuna jengo la wauza viungo vya ndani peke yao. Migahawa michache ilibaki mahali pa zamani, lakini mlaji wake si mpagazi tena. Ni mtalii, au mwanasheria anayekumbuka babu yake.

Hapo ndipo mfanyabiashara anapaswa kutega sikio. Chakula cha maskini kikipata sifa, bei yake hufuata. Tezi ya shingo ya ndama, inayoitwa ris de veau, ni kati ya vitu ghali kwenye orodha ya mgahawa wa Kifaransa. Kichwa cha ndama kilichochemshwa, tête de veau, kilikuwa kipenzi kinachojulikana cha Rais Jacques Chirac, na wapo Wafaransa wenye msimamo wa jamhuri wanaokila kila Januari 21, siku ambayo Mfalme Louis wa 16 alikatwa kichwa mwaka 1793. Soseji ya matumbo ya nguruwe ya mji wa Troyes, andouillette, ina chama cha wapenzi wake kinachoipa alama ya herufi A tano, ingawa harufu yake humtoa mgeni mezani. Kitu kilichokuwa makombo ya machinjio kimekuwa na wanachama, kumbukumbu na bei.

Kampala imeanza njia hiyo. Katogo, neno linalobeba pia maana ya mchanganyiko au vurugu, kilikuwa chakula ambacho mtu hakumpikia mgeni wa heshima. Leo kimo kwenye meza ya kifungua kinywa ya hoteli kubwa za jiji, ndani ya chombo cha chuma kinachong'aa, kando ya soseji na mayai. Ini limekwisha kupanda hadhi siku nyingi. Mulokoni umekuwa chakula cha jioni cha wanaume wenye magari, wanaoamini kuwa hutibu uchovu wa pombe na udhaifu mwingine usiotajwa gazetini. Kinachobaki kwa mnunuzi wa Bwaise ni tumbo la taulo, pafu na utumbo. Hivyo navyo vikipanda, fundi wa mbao anayeanza siku kwa sahani moja ya katogo hatakuwa na nyama nyingine ya kukimbilia.

Bei hupandishwa pia na mambo ya mbali. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa miguu na midomo ulienea katika wilaya nyingi za ukanda wa mifugo wa Uganda, serikali ikaweka karantini, minada ikafungwa na ng'ombe wakakatazwa kusafirishwa. Ng'ombe mmoja asiyefika Kalerwe ni mapande manne ya nyama yaliyokosekana, lakini ni tumbo la taulo moja tu, ini moja, moyo mmoja. Mwenye bucha anaweza kugawanya alichopata kwa wateja wengi. Mpishi wa byenda akikosa tumbo hana cha kugawanya, na siku hiyo sufuria haipandi.

Kisha kuna suala la kuaminiana, na hapa Ufaransa ina somo lililoumiza. Machi 1996 Uingereza ilikiri kwamba ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe huenda umeambukiza binadamu. Ubongo na uti wa mgongo wa ng'ombe ukaondolewa sokoni Ulaya. Mwaka 2000 marufuku yakafika hadi kwenye utumbo, na mafundi wa Lyon waliotengeneza andouillette kwa utumbo wa ndama wakaipoteza malighafi yao. Waliruhusiwa kuirudia mwaka 2015 tu. Miaka 15 ni muda wa kutosha mwanafunzi wa kazi kuzeeka bila kuifanya kazi yenyewe.

Kampala ilipata hofu yake Januari 2018, maafisa wa Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA) walipoyavamia mabucha kadhaa kufuatia tuhuma kwamba wauzaji wananyunyizia nyama formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, ili isiharibike na nzi wasiikaribie. Tangu hapo walaji wengi wa jiji wakaona nzi kwa jicho jipya: bucha lisilo na nzi hata mmoja likawa ndilo la kutiliwa shaka. Wauza byenda walikuwa na utetezi mmoja wa kweli. Kinachouzwa siku ile ile hakihitaji dawa.

Viungo vya ndani ndiyo cheti cha afya cha mnyama mzima, ndiyo maana daktari wa mifugo machinjioni huvitazama kwanza. Hupasua ini kuangalia mirija yake kama ina minyoo bapa, ambayo ni ya kawaida kwa ng'ombe waliolishwa kwenye maeneo yenye majimaji. Hupapasa pafu kutafuta vinundu vya kifua kikuu na uvimbe wenye maji. Kilichoharibika hukatwa na kutupwa. Mnunuzi anayeijua kazi hurudia ukaguzi huo kwa vidole vyake: ini zuri ni laini, lina rangi moja na kingo kali, halina michirizi migumu myeupe. Figo isiwe na harufu ya amonia. Tumbo lililo jeupe kupita kiasi, kama shati lililotoka kwa dobi, liulizwe limesafishwa kwa nini.

Madaktari wanayo ya kusema pia. Ini lina madini ya chuma na vitamini A kwa wingi, jambo jema kwa mtu mwenye upungufu wa damu, ila mjamzito hushauriwa asilile kupita kiasi kwa sababu ya vitamini hiyo hiyo. Mwenye ugonjwa wa jongo aogope figo na ini. Na aliyeko safarini, ambaye tumbo lake likichafuka mzigo utalala mpakani, ana sababu ya ziada ya kuchagua sufuria inayotoa mvuke na kuiacha ile iliyopoa.

Mezani kuna mipaka ambayo haimo kwenye ramani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwislamu hali damu, kwa hiyo mutura wa Nairobi na boudin ya Paris vyote vinampita. Msabato naye huuliza kuhusu nguruwe. Baganda wana miko ya koo: mtu wa ukoo wa Mutima, yaani moyo, hali moyo, na mpishi mzoefu akimjua mteja wake huuondoa kijikoni bila kuulizwa. Kwa Waluhya, pande zote mbili za mpaka wa Busia, firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba, na mgeni akipakuliwa hiyo ajue amepewa heshima asiyopaswa kuimeza haraka haraka.

Mipaka ya ramani nayo ipo. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachomsaidia mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hakimwondolei mwenye nyama sharti la kibali cha afya ya mifugo. Matumbo mabichi kwenye ndoo nyuma ya pikipiki, Busia au Malaba, ni mzigo wa kutaifishwa, na kwa jinsi miguu na midomo inavyosambaa, ni vigumu kumlaumu afisa. Kinachovuka bila daktari wa mifugo ni vikolezo. Wafanyabiashara wa Juba wanaorudi kwa barabara ya Bombo hununua Kampala magunia ya vitunguu na bizari, na kamunia ya kesho yake hupikwa kwa ng'ombe wa huko.